Namna Déborah Anaonaka Mutoto

Bantu bakifika kwa Déborah banapandishaka sauti kama vile iko kiziwi. Minyi inanikasirishaka! Macho njo ilikufa, masikio iko muzima kunishinda. Minyi Dunia, muuza chumvi, jirani yake wa lupango moja, kiwanja moja, siwezi hata kumudanganya. Nikisema "niko muzuri," ananijibu: "Weye, hukulala. Sauti yako iko nzito."

Bukari yake, ile ugali, anajua imeiva na uzito ya mwiko, na vile sufuria inanyamaza kidogo. Lakini mvua njo anapendaka. Mvua ikinyesha, sauti yake inamuonyesha lupango yote: hapa mabati, pale nyasi ya jikoni, pale beseni nilisahau inje. "Dunia, beseni yako inajaa!" Yeye amekaa ndani, mama ee, anakunywa chai.

Mutoto wake Jeannine ameanza tu kutembea na kusema maneno kidogo. Déborah anamuogesha na vidole inapita mwili yote. Homa ikianza, anaijua ku shingo ya mutoto mbele ya minyi kuona kitu.

Sasa, mutoto ukimupatia jina ya nkambo yake, bibi ao babu, banaitana "majina," na nkambo iko na haki ya kumuita akakae kwake. Njo vile Mama Jeannine, mwenye jina, mama ya Albert bwana ya Déborah, alishuka mu train kutoka Luena na kitenge mupya ku bega. Hata maji hakukunywa.

"Nimekuja kubeba majina yangu," alisema. "Kipofu hawezi kuchunga mutoto karibu na moto ya mbabula ya makala. Siku moja atachomeka."

Albert, cheminot, mufanyakazi wa train, mwanaume muzima, aliangalia viatu yake. Franchement, nilimukasirikia! Nikasema: "Mama, uchungu ya mutoto, mama njo anajua."

"Weye jirani, enda uuze chumvi yako."

Ee!

Déborah hakubisha. Mila ni mila. Aliogesha mutoto, akamupaka mafuta, akapitisha vidole mu uso yake polepole, paji, pua, kidevu, akarudilia tena. Kisha akamupatia nkambo yake. Mama Jeannine akamubeba ku mugongo, akafunga kitenge, akashika njia ya kuenda ku gare ya train.

Hakufika hata ku mulango ya lupango. Mutoto hakulia na sauti. Alinyoosha mukono, akakamata mukono ya nkambo yake, akaivuta mpaka ku shavu yake.

"Nkambo, ona."

Mama Jeannine akasimama. Vidole yake ilikuwa imeloa.

"Anafanya nini?"

"Anakuonyesha," Déborah akajibu. "Hapa kwetu, ukitaka muntu aone kitu, unamukamata mukono. Anawaza bantu bote banaona vile."

Na ni kweli, na macho yake yote mbili Mama Jeannine hangeona ile machozi, juu mutoto alikuwa ku mugongo. Alibakia vile, mukono ku shavu ya mutoto. Kisha akafungua kitenge.

"Albert, utaangalia viatu mpaka lini? Shika mutoto kwanza!"

Mama Jeannine akamuinamisha Déborah, akamuwekea mutoto ku mugongo, akamufunga na ile kitenge mupya, na kifundo akaikaza yeye mwenyewe.