Salamu Kushoto, Salamu Kulia

Mwanangu wa kwanza nilimzaa miaka ya tisini, nikashikwa na homa ya uzazi, nikadungwa sindano kali hospitalini hadi nikapona. Nilipona kabisa, ila sikuweza kusimama. Dawa ilikuwa imeua kile kiungo ndani ya masikio kinachompa mtu mizani ya mwili. Hilo nililijua baadaye. Kabla yake nilikuwa na matabibu wa bure, majirani zangu wote wa mtaa wetu wa Kuze.

Penye wengi hapaharibiki neno, wasema. Wa kwanza aliona pepo, akaleta ubani. Wa pili aliona jicho la hasidi, ingawa sikuwa na cha kuhusudiwa, labda kitanda. Wa tatu alimwuliza mume wangu, kwa upole sana, kama nilikuwa nimeanza kulewa. Kombe nalo, yale maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa kwa zafarani, nikanywa, nikamshukuru Mungu, nikainuka na kuangukia bakuli lake.

Mama mkwe ndiye aliyeniuguza, na dawa yake ilikuwa moja.

"Lala, fumba mato, usitikise kitwa."

Mtoto alikaa naye. Nililetewa anyonye tu, kisha anaondolewa upesi kama sahani ya kuazima.

"Lete nimtukue miye. Wewe utamwangusha, mwanangu."

Alisema kweli, na hilo ndilo lililonichoma. Nilimwonea wivu mama wa watu kwa kumpakata mwanangu mwenyewe.

Daktari wa masikio, tulipompata hatimaye, alisema kilichokufa hakirudi. Macho na miguu ndivyo vitakavyofunzwa kazi yake, wala havifunzwi kitandani. Nikazie macho herufi moja iliyobandikwa ukutani huku nikitikisa kichwa kushoto na kulia, kisha nitembee nikigeuza kichwa vivyo hivyo. Mama mkwe aliponikuta naukatalia ukuta kwa kichwa, alikwenda kuleta ubani mwingine.

Basi huko njiani je? Mtaa mzima ungethibitisha pepo wangu. Lakini Kuze ina adabu yake: hupiti baraza bila kuamkia, na baraza ziko pande zote mbili. Nikaamua kuwa na adabu kuliko wote. Masalkheri kushoto, masalkheri kulia, shikamoo pale dirishani, mkono mmoja ukutani na nyumba zikinirukaruka machoni. Kila niliyemwamkia aliniuliza hali ya mume, ya mtoto, ya wazee, nami ilinibidi nijibu yote nikiwa wima. Walisema maradhi yamenitia heshima. Nikawashukuru. Miezi ikapita, ukuta nikauacha.

Alasiri moja, kungali na mwanga mzuri, nilimwomba mama mkwe mtoto. Alinitazama miguu, si uso. Kisha akanipa, akanifuata nyuma hadi njiani mikono ameikinga, tayari kudaka. Nikaamkia kushoto, nikaamkia kulia. Sikuyumba. Hapo mwanangu akanikagua vizuri, akageuka, akamnyooshea nyanya yake mikono na kulia kwa sauti ya mtoto aliyeibwa.

Mama mkwe akasogea amchukue.

"Mwache alie, mama," nikamwambia, nami machozi yananitoka. "Atanizoea."