Upande wa Wanawake

Juzi, baada ya alasiri, niliiona ile filamu. Miaka mingi niliisaka, rafiki yangu. Niliwachosha wauza kaseti wa Malindi, kisha wauza sidi, mpaka mtu mmoja wa ughaibuni, niliyemjua kwa mtandao tu, akanitumia. Hadithi ya filamu yenyewe hainihusu. Niliitaka kwa sababu bibi yangu yumo ndani yake.

Bibi hakukubali kupigwa picha maisha yake yote. Lakini alipokuwa msichana, wageni walikuja Mambrui na kamera zao kubwa, wakawapitisha wasichana kichochoroni na mitungi kichwani, naye akawa wa mwisho. Sasa hayupo duniani, na uso wake umeanza kunitoka akilini. Hilo ndilo lililonitia hofu.

Nilipokuwa mdogo, gari la sinema liliileta filamu hiyo uwanjani kwetu. Walitundika bafta nyeupe, nguo ile ile ya sanda, baina ya nguzo mbili. Wanaume walikaa mbele yake, sisi wanawake na watoto tukakaa nyuma ya nguo, wote tukitazama nguo moja. Jenereta ilinguruma, mama mdogo akinilisha kashata za nazi. Kwa upande wetu maandishi yalikwenda kinyume, na shujaa alikula kwa mkono wa kushoto. Bibi akafyonza, "Huyu hakufunzwa adabu kwao!" Wanawake wakaangua kicheko. Kisha kikatokea kichochoro, na yule msichana wa mwisho akageuka, akanitazama. Bibi akanibana mkono, akaninong'oneza, "Ndiye mimi."

Juzi tulifunga madirisha nyumbani kwa mama mdogo, tukaweka kompyuta mezani. Shujaa akala kwa mkono wa kulia, nikacheka. Wasichana wakapita. Yule wa mwisho hakugeuka. Alikwenda zake akitupa kisogo, mpaka akapotea konani. Nikarudisha. Kisogo. Nikarudisha tena. Kisogo na mtungi, basi.

Mama mdogo hata hakushtuka.

"Wajisumbuliani, mwanangu? Huko ulikokaa ni upande wa wanaume. Wao walimwona mgongo. Uso tulionyeshwa sisi."

Nilitaka kumweleza kwamba sinema haiwi hivyo, lakini shahidi ningempata wapi? Uwanja ule siku hizi una maduka. Gari la sinema sijaliona tena, na kati ya wote waliokaa upande wetu sijui kama kuna mwingine aliyebaki ila mimi na yeye. Machozi yakanitoka. Nikarudisha filamu pale kichochoroni, nikainuka, nikazunguka meza, nikachutama nyuma ya kompyuta.

Hapakuwa na kitu ila kifuniko cheusi. Lakini nyayo za wasichana nilizisikia. Tulipokuwa mbele zilikuwa zikienda. Huku nyuma zilikuwa zikija.

"Wamwona?" mama mdogo akauliza kutoka kitini.

"Bado," nikamjibu. "Lakini yuaja."