Nyanya za Asbjørn

Kwetu Skarvika, kaskazini kabisa mwa Norwe, pazia halifungwi. Jua likishazama mwishoni mwa Novemba halichomozi tena mpaka tarehe ishirini na moja Januari, na muda wote huo tunaishi kwa kuangaliana madirishani. Dirisha la jirani likiwaka, unajua kaamka. Pazia likifungwa, basi humo mna maiti, au mna mume wa mtu.

Asbjørn Hauge alikaa ng'ambo ya barabara, dirisha lake la jikoni likitazamana na langu. Kwa miaka ishirini na saba aliendesha greda la theluji, na sisi wa kiwanda cha samaki tulipoamka tulikuta njia imeshafunguliwa. Hakuoa. Kiangazi alipiga kodiani barazani mpaka tukamwomba atuhurumie. Ikifika Novemba alizimika. Ndevu hazinyolewi, salamu haijibiwi, mkate unaliwa kwa kulazimishwa. Kaka yake Peder alikuwa vivyo hivyo, na Januari moja Peder alitembea kwenda gatini asirudi. Kwa hiyo sote tulijua Asbjørn anawindwa na nini. Hakuna aliyekitaja. Sisi ni hodari wa kutotaja.

Oktoba ya mwaka juzi niliona taa mpya dirishani kwake. Pana kama sinia, nyeupe, inaumiza macho hata kutoka kwangu. Niliijua mara moja ni taa gani. Daktari humpa mtu anayeangushwa na giza, akamwambia: kila asubuhi kabla ya kazi, nusu saa, ikae mbele ya uso wako, usiruke hata siku moja.

Lakini Asbjørn hakukaa mbele yake. Chini ya taa alipanga vikopo vya udongo.

"We Asbjørn!" nilimwita nilipomkuta akikwangua kioo cha greda. "Umefungua shamba?"

"Nyanya," alisema.

"Nyanya, na majira ya baridi haya yanaingia?"

"Zinataka mwanga tu. Binadamu ndiye msumbufu."

Nilicheka. Kiwandani nikawahadithia wenzangu, nao wakacheka, na tangu siku hiyo akaitwa Bwana Shamba. Ilikuwa salama kwake hivyo. Mwanamume anayeotesha nyanya ni kichekesho tu. Anayekaa akiangalia taa saa kumi na mbili asubuhi, kijiji kizima kikimwona, huyo ni Peder wa pili.

Nyanya zilinenepa. Desemba zikatoa maua, naye akazichavusha kwa manyoya ya ndege, mgongo ameipa taa, uso kaelekeza gizani. Nilimwona kila asubuhi nikielekea chini ghalani kuchukua viazi. Roald, mume wangu, alizoea kunitania: "Viazi gani hivyo vinakuchukua nusu saa? Unavisomea hadithi?"

"Nachagua visivyooza," nilimjibu.

Baada ya Krismasi njia ilianza kuchelewa kufunguliwa. Siku moja greda lilikutwa limesimama katikati ya barabara, injini inanguruma, Asbjørn ndani kakaa tu, mikono mapajani. Msimamizi akampa mapumziko. Nilimpelekea supu ya samaki.

"Unaendeleaje, jirani?"

"Kama kawaida."

"Na shamba?"

"Zimeanza kuwa nyekundu." Hakuniangalia. Hata mimi sikumwangalia sana. Niliweka sufuria nikatoka, mwoga mkubwa mimi.

Tarehe ishirini na moja tulipanda kilimani wote, kama kila mwaka, na maandazi yetu ya jamu, kulingoja jua. Shule imefungwa, watoto wamechorwa miale usoni. Lilichungulia kwa dakika nne. Watu wakapiga kelele, Roald akalia kama afanyavyo kila mwaka. Mimi nilihesabu vichwa. Asbjørn hakuwepo, na yeye hajawahi kuikosa siku hiyo, hata mwaka aliozama Peder.

Niliteremka mbio, nikaanguka mara mbili. Mlango haukuwa na kufuli. Jikoni taa ilikuwa inawaka, nyanya zimeiva, zimejaa hata zinaelemea vijiti. Asbjørn alikuwa chumbani, kitandani, na viatu miguuni. Viatu vya kutokea. Alikuwa amevivaa tangu jana yake aende gatini, akashindwa kuinuka. Kilichomwokoa ni ule uchovu wenyewe.

"Nyanya zimeiva," alisema. "Chukua. Mimi hazinipandi."

Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikaanza kumvua viatu. Nilikuwa nalia.

"Ile taa haikuwa ya nyanya," akasema.

"Najua."

"Umejuaje?"

"Ninayo. Iko ghalani, nyuma ya viazi. Nakaa nayo kila asubuhi."

Kiatu cha pili kilikuwa kigumu kutoka.

"Tangu lini?"

"Mwaka wa sita huu."

"Inasaidia?"

"Inasaidia, Asbjørn."

Akanitazama, kwa mara ya kwanza msimu ule. "Na ukaniita Bwana Shamba," alisema. Kisha akageukia ukutani.

Gari la wagonjwa lilimchukua jioni. Hakufa, namshukuru Mungu. Lakini hakurudi. Yuko mjini kwenye nyumba ya wagonjwa, na kodiani nililompelekea halijatolewa kwenye mfuko. Nikienda huniitikia kwa adabu, kama mtu anavyomwitikia karani.

Roald aliniuliza siku nilipoipandisha taa kutoka ghalani. Nilimwambia yote, akasema, "Basi viazi vyenyewe ndio hivi," akanisogezea kiti. Sasa naikalia jikoni, uso kwa taa, pazia wazi, mwenye macho na aone. Wawili wameshanijia kuuliza imetoka wapi. Ng'ambo ya barabara dirisha ni giza, na nikiangalia huko naiona taa yangu tu kwenye kioo chake.