Bango la Miaka Sabini

Kwa miaka kumi na miwili Nabwile alikuwa amefanya kazi kwenye kompyuta ya duka la uchapishaji la Surinder, mjini Kitale. Kazi nyingi zilikuwa mabango ya mazishi yenye picha za marehemu. Alijua kuufuta uchovu usoni mwa marehemu, na kumvalisha tai mzee ambaye maishani hakuwahi kufunga tai. Watu walikuja kutoka mbali, hata Suam, kumfuata yeye.

Mama yake, Nasambu, alipokaribia kutimiza miaka sabini, Nabwile aliona naye afanyiwe sherehe. Mama hakuwahi kukata keki yake ya kuzaliwa hata siku moja. Basi akachapa bango la mita mbili, akalipeleka nyumbani Naitiri, na ndugu yake Levi akalitundika mbele ya nyumba mama akiwa kanisani.

Mama aliporudi, alisimama langoni akautazama uso wake kwenye bango.

"Mmenizika lini?" akauliza.

Wageni waliokuwa wameshafika walicheka. Yeye hakucheka. Alipita moja kwa moja hadi jikoni, Nabwile nyuma yake.

"Mama, si ni ya bathdei yako?"

"Kusoma najua. Lakini hiyo ni kama ile ulitengenezea jirani yetu Eliakim tukimzika. Hata mawingu ni yale yale."

Nabwile alitoka kulitazama upya. Rangi ya zambarau. Njiwa pembeni. Uso wa mama umelainishwa mpaka kovu la kwenye nyusi limepotea. Mkono ulikuwa umejiendea wenyewe, kwa mazoea. Aibu ikampanda hadi masikioni.

Akaliteremsha, akafungua laptopu juu ya meza ya jikoni, akamwita mama akae. Mama hakuwa amewahi kuiona kazi hiyo kwa karibu.

"Nikuwekee picha gani?"

"Ile nacheka kwa shamba ya vitunguu."

"Leso imeenda upande. Niinyoroshe?"

"Wacha hivyo. Na kovu yangu urudishe. Ng'ombe yangu ya kwanza ndiyo ilinipiga hapo."

"Na mawingu?"

"Toa, bana. Weka mahindi."

Pale sokoni Naitiri palikuwa na printa ndogo tu, kwa hiyo picha ilitoka vipande vipande, karatasi kumi na sita, na Levi akaziunganisha kwa gundi. Kiungo kimoja kilipita katikati ya pua, ikakaa kombo kidogo. Wageni walikuwa wameshaanza kula kuku.

Mama alitazama, akacheka hadi akashika mlango.

"Sasa huyo ni mimi," alisema, akaomba kisu cha keki.

Jumatatu, dukani Kitale, mteja aitwaye Chemutai alileta picha ya mumewe akiwa amevaa suti, akitaka atengenezewe bango la siku ya kuzaliwa. Nabwile aliishika bila kuigeukia kompyuta.

"Huwa anacheka akifanya nini?" akamwuliza.

Chemutai alifikiri kidogo, kisha akavuta kiti akaketi.