Miaka Saba Bila Kupiga Magoti

Kwetu mwanamke hasalimii wakubwa akiwa wima. Anashuka mpaka magoti yaguse ardhi, ndipo salamu inaanza. Mama yangu alishuka hivyo maisha yake yote, hata alipokuwa yeye mwenyewe ni mkubwa wa kusalimiwa, mpaka nyonga yake ya kulia ilipokwisha na akawekewa ya chuma. Kuanzia hapo nilimkataza. Mimi, mwanawe wa kumzaa, mwalimu wa shule ya msingi mjini Bukoba, nilimkataza kwa miaka saba.

Sikujitungia. Daktari aliyemfanyia upasuaji, katika hospitali moja kubwa nje ya mkoa wetu, alitutajia masharti siku ya kuruhusiwa: asichuchumae, asikae chini, asipige magoti, asikunje nne. Alisema hayo akiwa ameshashika kitasa cha mlango. Mimi na Mama tukaitikia kwa pamoja, "Asante, daktari." Kwetu kumhoji daktari ni sawa na kumkatisha padri akiwa altareni. Darasani nawaimbia watoto kila siku kwamba kuuliza si ujinga. Siku ile swali lilikuwa moja tu, la maneno mawili, "mpaka lini?", na sikuliuliza.

Nyumbani Nshamba nikayapanga upya maisha yake. Choo cha shimo tukakiwekea kiti. Kigoda chake cha jikoni nilikichoma moto mwenyewe, maana nilijua nikigeuza mgongo tu atakikalia. Ndizi akawa anamenya juu ya kiti cha plastiki, beseni limepandishwa kwenye matofali. Msimu wa senene, majirani walipokaa kwenye majani wakinyonyoa mabawa na kuchekana, yeye alikaa juu peke yake. Kila jioni nilipiga simu, na swali langu la kwanza, kabla hata ya shikamoo, lilikuwa, "Umekaa wapi?"

"Nimekaa kwenye kiti chako," alinijibu kila siku.

Watu hawakukawia kusema. Mama mkwe wa kaka yangu alipokuja kututembelea, Mama alimsalimia amesimama, ameinamisha kichwa tu. Yule bibi alimpa mkono huku anaangalia migomba. Baadaye maneno yakatufikia: amepata chuma, amepata na kiburi. Mama alilia. Nikamwambia awaache, midomo ni yao. Ilikuwa rahisi kwangu kusema hivyo, mimi siishi nao. Tena mimi nikienda kijijini nilipiga magoti vizuri kabisa mbele ya kila mkubwa, na nikasifiwa kwa malezi mema.

Kisha mdogo wake akafariki, huko Kimwani alikoolewa. Walikuwa wamebaki wawili tu kwao, na walilala kitanda kimoja tangu utoto hadi Mama alipoolewa. Tulipoingia msibani, wanawake wote walikuwa chini, kwenye majani yaliyotandazwa sebuleni, na jeneza lilikuwa chini katikati yao, limefunuliwa. Mama akaachia fimbo yake mlangoni, akaanza kushuka. Nikamdaka kwapani.

"Niache, waitu, nakuomba," alisema kwa sauti ya chini. "Ni mdogo wangu."

"Mama, itavunjika."

"Ivunjike."

Sikumwacha. Nikamwinua, nikaomba kiti, nikamkalisha kwa nguvu mbele za watu, nikasimama nyuma yake mpaka jeneza lilipotolewa. Kutoka pale juu mkono wake haukuufikia uso wa mdogo wake. Alijaribu mara mbili, akaacha. Na mimi, Mungu anisamehe, nilijisifu moyoni kwamba nimeiokoa nyonga.

Mwaka uliofuata ikavunjika. Ilikuwa asubuhi, Mama amesimama wima jikoni, anafunika sufuria ya ndizi kwa majani ya mgomba. Hakuteleza wala hakujikwaa. Jirani aliyekuwa naye anasema alisikia mlio mkavu, halafu akamwona Mama anakwenda chini polepole, hadi sakafuni, mahali ambapo kwa miaka saba nilikuwa nimemkataza kukaa.

Tukamleta Bukoba akapigwa picha. Ule mti wa chuma ulioingizwa ndani ya mfupa wa paja ulikuwa umekatika vipande viwili, hata mimi nisiyejua picha niliuona. Daktari wa zamu akaanza kumhoji.

"Bibi, ulipiga magoti?"

"Sikupiga."

"Ulichuchumaa?"

"Sikuchuchumaa, baba."

"Hivi vitu havivunjiki vyenyewe," akasema, huku anaandika.

Mama akanigeuzia macho, maana shahidi wake nilikuwa mimi. Nilisema hajawahi, hata mara moja. Mtu ametii mpaka amegombana na ukoo mzima, halafu anahojiwa kama mwizi wa mkungu.

Ikabidi arudi kwenye ile hospitali kubwa, apasuliwe tena. Safari hii alikuwa daktari mwingine, mtu mzima, mpole. Alipokitoa kile chuma aliniita kwenye korido, akanionyesha kipande ndani ya mfuko wa plastiki. Pale kilipokatikia, sehemu kubwa ilikuwa laini, imesuguana siku nyingi. Ukingo mmoja tu ndio ulikuwa mpya.

"Ufa ulianza zamani," alisema. "Kila alipokanyaga ukaongezeka kidogo. Chuma nacho huchoka. Huenda kilikuwa na kasoro tangu kiwandani, huenda hakikushikamana vizuri na mfupa. Sina hakika."

Aliyekitengeneza hatumjui, naye hatujui. Hakuna atakayemwuliza kama alifuata masharti.

"Na magoti?" nikauliza. Hatimaye nilikuwa nimejifunza kuuliza.

"Magoti hayavunji chuma hiki. Yale masharti ni ili nyonga isichomoke, na ukali wake ni miezi ya mwanzo. Baada ya hapo tunampima mtu, tunamruhusu taratibu. Mama yako, kwa jinsi alivyopona mara ya kwanza, angeruhusiwa. Hamkuambiwa?"

"Hatukuuliza," nikasema.

Upasuaji wa pili haukuwa kama wa kwanza. Mguu umebaki mfupi, misuli imelegea, na sasa kushuka chini hawezi kweli, hata angeruhusiwa na dunia nzima. Anashinda kwenye kiti mlangoni, anaangalia mibuni. Jumapili iliyopita, baada ya misa, nilikuwa namvalisha soksi. Huwezi kumvalisha soksi mtu aliye kwenye kiti bila kupiga magoti mbele yake, basi ndivyo nilivyokuwa.

"Daktari alisema kwa nini kilivunjika?" akaniuliza.

"Kilikuwa kibovu, Mama."

"Si mimi?"

"Si wewe."

Nikadhani yameisha, nikashika soksi ya pili.

"Na siku ile ya Kimwani," akasema, "ningekaa chini na mdogo wangu, kingevunjika?"

Nilikuwa na ukweli mdomoni. Nikamtazama usoni, nikaumeza.

"Kingevunjika, Mama."

Akashusha pumzi, akaniwekea mkono kichwani.

"Basi ulinilinda, mwanangu. Na mimi siku zote hizi nimekuwa nikikukasirikia."