Leso za Upande Mmoja

Afadhali ningekataa. Mwanamke mwenye duka la vitu vya wageni katika hoteli moja ya Shelly Beach alisimama mbele ya baraza yangu hapa Bofu, akaniuliza kama naweza kumshonea mfarishi wa leso kuukuu. Jawabu lililofaa lilikuwa "Siwezi." Ni jawabu fupi, na nilikuwa nalo. Nilisema, "Naweza."

Alitaka leso zilizovaliwa. Si za dukani, alisema, bali zile ambazo rangi imefifia na kitambaa kimelainika kwa kufuliwa miaka mingi. Nikamwambia zipo. Zilikuwepo kweli, chumbani mwangu, ndani ya sanduku la marehemu mke wangu, na ufunguo ulikuwa juu ya kabati pale alipouweka mwenyewe.

Mfarishi ni tandiko la vitambaa. Juu huwa vipande vidogo vilivyounganishwa, katikati blanketi kuukuu, chini shuka, kisha vyote vitatu hushonwa pamoja kwa mkono. Likoni hakuna baridi ya kukihitaji kitu hicho. Wengine huwalazia watoto wachanga, wengine huutandika juu ya benchi mgeni akija. Wengi hawaufanyii lolote. Sisi tulikuwa tukiushona hata hivyo.

Kazi yangu ilikuwa kushona viti vya magari, Changamwe, tangu nilipomaliza kidato cha nne mpaka macho yalipoanza kunidanganya. Mke wangu alipofariki nilikuwa nikikaa sebuleni nikitazama ukuta. Ukuta wenyewe haukuwa na kitu. Dada yake mkubwa, ambaye mimi humwita shemeji naye huniita vivyo hivyo, alikuja siku moja akanitazama nikiutazama.

"Jumamosi baada ya alasiri uje barazani kwangu," alisema. "Lete mkasi."

Barazani kwake nilimkuta yeye na mama mmoja wa bara, aliyekuwa akishona mashuka ya hospitali kule Port Reitz kabla ya kustaafu na kuhamia kwa binti yake Likoni. Walikuwa wamezungukwa na vitambaa. Walinionyesha namna ya kukata, namna ya kupiga bandi ili vipande visiteleze, na namna ya kuunganisha pembe zikutane. Mimi nilileta nilichokuwa nacho nyumbani, yaani mabaki ya vitambaa vya viti. Nilishona nilivyozoea, uzi mnene na mshono mara mbili.

Shemeji aliupokea mfarishi wangu wa kwanza, akauweka sakafuni.

"Shemeji, hili ni tandiko au ni kiti cha dereva?"

"Ni mfarishi."

"Mbona wasimama wenyewe?"

"Mwache mzee," alisema mama wa bara. "Akimaliza atautia mkanda."

Walicheka mpaka shemeji akafuta macho kwa ncha ya leso. Niliudhika kwa muda mfupi. Halafu nikaona kwamba tangu mazishi sikuwa nimemsikia mtu akicheka karibu yangu, nikakubali kuwa mimi ndiye niliyesababisha.

Mama wa bara ndiye aliyeleta kitabu. Alikipata kwa muuza vitabu vya mitumba, kizito, chenye picha za rangi za mifarishi kutoka mwanzo hadi mwisho, na maneno ya lugha yenye vidoti juu ya herufi. Hakuna aliyeijua lugha ile. Kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na cheti cha sekondari, nilipewa kazi ya kukisoma. Nilikisoma kwa kutazama picha na kunyamaza kwa muda unaofaa, kisha nikawaambia cha kufanya. Mara mbili tatu nilipatia.

Katika kitabu hicho kulikuwa na nyota. Nyota kubwa ya vipande vya mshazari, ikianzia katikati na kutanuka mpaka kwenye kingo, imewekwa juu ya kiti karibu na dirisha, na nje ya dirisha theluji. Rangi zake zilikuwa zimechakaa vizuri. Kulikuwa na rangi ya chai ya maziwa, waridi lililokauka, na buluu ya sare ya shule iliyofuliwa mpaka ikakata tamaa. Nilijaribu kuishona nyota hiyo kwa vitambaa vya dukani. Ilitoka kama pipi. Nikaifumua, nikajaribu tena, ikatoka kama pipi nyingine.

Lakini nyota peke yake haikunifanya niende kila Jumamosi. Shemeji alikuwa hawezi kushika kitambaa bila kukumbuka kitu. Siku moja alichukua kipande cha kijani kutoka kwenye rundo.

"Mdogo wangu alikuwa na gauni la rangi hii," alisema. "Akapanda mpera wa watu, likachanika nyuma lote. Akarudi nyumbani kinyumenyume, huku aamkia watu njia nzima."

"Shikamoo kinyumenyume?"

"Kinyumenyume. Na wazee wakamsifu. Wakasema mtoto yule ana adabu, hampi mtu mgongo."

Niliishi na mke wangu mpaka tukazeeka pamoja, na habari ya mpera sikuwahi kuisikia. Yeye hakuwa mtu wa kujisimulia, nami sikuwa mtu wa kuuliza. Wazazi wao wamekwishafariki, na wenzake wa utotoni pia, waliobaki walihama. Shemeji peke yake ndiye aliyemkumbuka kabla hajawa mke wangu, na alimkumbuka kwa vitambaa, kipande kwa kipande, Jumamosi moja baada ya nyingine. Nilianza kuchagua vitambaa nikiwaza ni kipi kitamfungua mdomo. Nilipeleka cha maua ya njano nikapata habari za maulidi fulani. Nilipeleka cha mistari myeupe, akasema kitambaa hicho hakijui, tukashona kimya mpaka magharibi.

Basi mwenye duka la hoteli alipokuja, nilifikiria nyota. Nilijua sasa nilichokosa. Nilikosa leso zilizochoka.

Kwetu nguo za marehemu wa kike hutolewa na wanawake wa kwao. Matanga yakiisha na siku zikapita, mume huwaita, huwapa ufunguo, kisha hutoka akakae nje mpaka wamalize. Wao hupekua, hulia, hugawana, hucheka, huondoka. Mimi sikuwaita. Sikuwakatalia, sikuwaita tu. Nao hawakuuliza, kwa sababu jambo hilo haliulizwi. Mwanamke wa heshima haendi kwa mfiwa kumwambia afungue sanduku. Mimi nilichukulia kwamba hawazihitaji.

Nilifungua sanduku asubuhi. Leso zilikuwa zimekunjwa vizuri, na kila moja ilikuwa upande mmoja. Leso huuzwa pea, upande mmoja wa kujifunga kiunoni, wa pili wa kujitanda. Nilipekua mpaka chini nikitafuta pande za pili, sikuziona. Nikakata shauri la mtu mwenye akili zake kwamba zilichakaa, au ziliazimwa zisirudi, na kwamba upande mmoja wa leso si vazi tena, ni kitambaa. Nikanoa mkasi.

Mwenye duka alikuwa ameniagiza niyatoe maneno. Kila leso ina jina lake, yaani msemo uliochapwa chini ya mji, ule uwanja wa katikati, na yeye alisema wageni huuliza maana ya maneno hayo, naye hana muda wa kueleza. Nikayatoa majina yote.

Nyota ilitoka. Nilikuwa sijawahi kushona kitu kama kile, wala sijashona tena. Pembe zote zilikutana katikati, rangi ziliingiana taratibu kama kwenye kitabu, na nilipoutandaza mfarishi juu ya kitanda nilisimama mlangoni kuutazama, nikarudi nyuma, nikausogelea tena. Blanketi na shuka la chini nilikuwa bado sijavitia. Nilitaka kwanza wenzangu wauone. Jumamosi nikaukunja, nikaenda nao barazani.

"Ai!" alisema mama wa bara. "Mzee! Umekipita kitabu."

Shemeji aliinama, akaweka kidole juu ya pembe moja ya nyota, kisha pembe ya pili, kisha ya tatu. Akaingia ndani. Nilidhani amekwenda kutuletea chai.

Alirudi na leso mkononi, zimekunjwa, rundo la kufika kidevuni. Akaketi sakafuni, akaanza kuzifungua moja moja na kuziweka kando ya nyota. Pindo kwa pindo zilifanana. Zake zilikuwa zimefifia kidogo zaidi, maana aliendelea kuzivaa.

"Hii tulinunua nilipoolewa," alisema. "Pea moja. Yeye upande, mimi upande."

Akafungua nyingine. "Hii ya arubaini ya mama."

Nyingine. "Hii tuligombana, hatukusemezana Ramadhani nzima. Tulipopatana tukanunua hii."

Nyingine, yenye rangi ya machungwa. "Hii ya kumwambia jirani apunguze kuchungulia. Tulivaa siku moja, mimi kulia kwake, yeye kushoto kwake, tukaenda naye mpaka kisimani." Alitaka kucheka, akaacha. "Tuliwekeana ahadi. Atakayebaki azirudishe pamoja, avae pande zote mbili."

"Hukuniambia, shemeji."

"Nalikuwa nangoja uniite."

Mama wa bara alikuwa ameacha kushona. Shemeji aliupindua mfarishi akatazama upande wa pili, palipo na mishono.

"Majina ya leso uliyaweka wapi?"

"Ndani ya mto."

"Mto upi?"

"Wa kulalia. Niliyakatakata ili uwe laini."

Aliupindua tena mfarishi, nyota ikarudi juu.

"Ukawa laini?"

"Kiasi."

Mama wa bara alikifunga kitabu, akasema ameacha maharagwe jikoni. Alikuwa hajawahi kuondoka mapema, na maharagwe alikuwa ameshatueleza kwamba daktari amemkataza.

Kesho yake nilikwenda Shelly Beach nikamwambia mwenye duka kwamba sitamletea mfarishi. "Ungeniambia mapema, mzee," alisema. Alikuwa na haki. Nikarudi nyumbani, nikachukua wembe, nikaanza kuifumua nyota.

Nilidhani nitazirudisha leso kama zilivyokuwa. Nilikuwa fundi, na kilichokatwa hushonwa. Nilipanga vipande sakafuni nikifuata nakshi, ua kwa ua, korosho kwa korosho, kisha nikaviunga upya. Lakini kila mshono hula kitambaa, na mimi nilikata vipande vingi. Vile vya mshazari vilikuwa vimevutika. Majina hayakuwezekana kabisa. Niliufungua mto nikakuta herufi, nyingine nzima, nyingine nusu, wala sikujua herufi ipi ni ya leso ipi, kwa sababu sikuwahi kuzisoma mke wangu alipokuwa amezivaa.

Nilizifua, nikazipiga pasi, nikazipeleka. Shemeji alizipokea kwa mikono miwili.

"Ahsante, shemeji. Umejisumbua."

Alisimama, akachukua ile ya machungwa, akajizungushia kiunoni juu ya gauni. Ncha hazikukutana. Palibaki nafasi ya kiganja. Alizishika hivyo, moja huku moja kule, akazivuta kidogo, kama kwamba zikibembelezwa zitafika. Kisha akaikunja na kuiweka juu ya nyingine. Aliniletea chai. Ilikuwa na sukari ya kutosha.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda na mkasi wangu. Baraza ilikuwa tupu, imefagiliwa. Mlangoni palikuwa na viatu vya mama wa bara, na kutoka ndani nilisikia mkasi na sauti zao. Walikuwa wamehamia chumba cha ndani, cha wanawake. Barazani mwanamume na mwanamke wazee wanaweza kushona mchana kweupe na asitokee wa kusema neno. Ndani ni jambo lingine. Mimi si ndugu wa shemeji, na yule aliyetuunganisha hayupo.

"Hodi," nilisema.

"Nani?"

"Mimi."

Mkasi ulinyamaza.

"Tuko ndani, shemeji," alisema.

Ilikuwa sauti ya kawaida, haina hasira. Kwetu anayepiga hodi huambiwa karibu, hata kama hakutakiwa, hata kama ataambiwa papo hapo kwamba wenyewe wanatoka. Sikuambiwa karibu. Nilisimama kidogo ili nisionekane nimeondoka haraka, kisha nikaondoka.

Tukikutana njiani huniuliza habari za afya, nami humuuliza zake. Kila sikukuu ya Iddi huniletea mahamri. Hajanisema kwa mtu, hilo ninalijua, kwa kuwa maneno ya Bofu yangekuwa yamenifikia. Mara moja nilijaribu. Nilimkuta dukani akinunua uzi, nami nilikuwa nimevaa shati la kijani, nikamwambia rangi hii inanikumbusha ule mpera. "Mpera upi?" aliniuliza, akalipa, akaniaga.

Nashona peke yangu siku hizi. Mishono yangu imenyooka kuliko zamani. Kule kusema "Naweza" kulimpokonya shemeji pea alizokuwa ameahidiana na mdogo wake, na nakshi zile hazichapwi tena. Mimi kulinipokonya shemeji. Alikuwa mtu wa mwisho aliyemjua mke wangu akiwa msichana, na yale ambayo hakuwa amenieleza kabla ya Jumamosi ile sitayajua.