Namba 48 ya Wifi Yangu Ardis

Kamati ya maonyesho ya wilaya imeniomba mara tatu niandike habari za wifi yangu Ardis Tvedt, ziwekwe kwenye kile kijitabu chao cha kila mwaka. Mara mbili nilikataa. Mimi si mtu wa kalamu, shule niliiacha nikakamue ng'ombe, na Ardis mwenyewe yu hai na mdomo anao, wangemuuliza yeye. Kumbe walimuuliza. Akawajibu, "Muulizeni Leota, yeye ndiye aliyeliharibu gari." Basi nimekaa chini kuandika, maana neno hilo siwezi kuliacha lipite.

Ardis ni dada wa marehemu mume wangu. Ana miaka sitini na minane. Alipika jikoni mwa shule miaka thelathini na mmoja, hakuolewa wala hakutaka. Kila Agosti, Jumamosi ya maonyesho, anavaa kofia ngumu, anaingia uwanja wa matope na kugongana na magari ya wenzake mpaka libaki moja linalotembea. Namba yake ni 48. Ilikuwa ya baba yao tangu mashindano yalipoanza. Kwetu namba hukaa na ukoo, mradi msiruke mwaka hata mmoja. Na kujitokeza tu hakutoshi: gari liingie kwa injini yake, na limgonge mtu walau mara moja. Kugongwa hakuhesabiwi. Ukishindwa, namba inakwenda kwa anayefuata kwenye orodha, na anayeingoja 48 ni Rolf Aasgaard, muuza mbolea, anayeitaka kwa ajili ya binti yake. Amengoja miaka kumi na mmoja. Kila akimkuta Ardis dukani humuuliza magoti yanaendeleaje.

"Yanakanyaga mafuta vizuri tu," Ardis humjibu. "Wewe yako yanakuuma kwa kupiga foleni?"

Gari naandaa mimi, tangu mume wangu afe. Unatoa vioo vyote na viti vyote isipokuwa cha dereva. Tangi la mafuta unaling'oa chini, unafunga dumu dogo la chuma nyuma ya dereva. Betri unaishusha sakafuni. Milango unaichomelea. Boneti unaitoboa ili watu wa zimamoto wapate pa kupitishia maji. Halafu unashika koleo na kukata kila waya usio na kazi. Magari yale marefu ya chuma ya zamani yalitaka nyaya nne tu yawake. Nilimaliza moja kwa siku mbili, na mkate ukiwa jikoni unaumuka.

Magari hayo yamekwisha. Yaliyobaki wanayo matajiri, wanayapaka nta na kuyaendesha Jumapili. Mwaka huu Ardis alipewa gari la mwaka 2006 na mjane mmoja wa kanisani, dogo, la rangi ya maziwa, limejaa vitaa ndani kama mti wa Krismasi. Nilimwambia silipendi.

"Hujaombwa uolewe nalo, wifi," akasema. "Livue nguo tu."

Nikalivua. Mifuko ya hewa niliitoa kwa uangalifu, maana ile hulipuka usoni. Nyaya zilikuwa nyingi kuliko utumbo wa ng'ombe. Nilikata, nikavuta, nikajaza mapipa mawili, na Jumatano mwenye chuma chakavu, Delbert, akaja kuyachukua. Nikamwita Ardis aliwashe. Akazungusha ufunguo. Kimya. Akazungusha tena. Kitaa kimoja nilichokisahau kikawa kinapepesa picha ya kufuli.

"Umekata nini?" akauliza.

"Nimekata ninachokata kila mwaka."

"Kila mwaka hatukuwa na gari hili."

Tukampigia simu fundi wa mjini. Akacheka kwanza, akaacha simu kidogo, akarudi. Akasema gari hizi haziwaki mpaka ziutambue ufunguo wake. Kuna kipete cha plastiki kinazunguka tundu la ufunguo, na kisanduku chake chini ya dashibodi, na kimoja bila kingine ni takataka. Sasa niambie wewe. Gari ni langu, ufunguo ninao mkononi, nimekaa ndani yake, nalo linataka kunijua mimi ni nani. Ng'ombe wangu hawana kiburi hicho.

Alhamisi nzima tulikuwa kwa Delbert tumepiga magoti kwenye lundo, vizee wawili, tunachambua nyaya. Mvua ikaja. Delbert akatuletea kahawa akasimama kututazama.

"Mnatafuta pete ya uchumba?"

"Tunatafuta akili zako, Delbert," Ardis akamwambia. "Inama utusaidie."

Akainama. Kisanduku alikiona yeye, kipete nilikiona mimi. Ijumaa tukaunganisha waya kwa waya kwa kufuata rangi, Ardis akiwa anasoma karatasi aliyopewa na fundi, mimi nikiwa nimelala sakafuni mwa gari. Saa tisa mchana likanguruma. Ardis akaniuliza kama kuna kitu kingine cha kuangalia. Nikasema hakuna. Hilo nililisema, sikatai.

Jumamosi wakaguzi walilipitisha. Magari tisa yakajipanga matopeni, mgongo kwa mgongo, moja akiliendesha Rolf mwenyewe. Bendera ikashuka. Gari letu likatambaa. Lilikuwa limehesabu vitu lilivyopungukiwa, likaamua kujihurumia, halitaki kukimbia. Nikamwona Ardis anapiga usukani kwa ngumi. Wengine wanarukiana, yeye anakwenda kama anayetafuta pa kuegesha kanisani. Akageuka, akatia gia ya nyuma, akarudi hivyo hivyo polepole mpaka akamfikia Rolf, puu. Na hapohapo injini ikazimika.

Haikuwaka tena. Kumbe ndani ya buti, nyuma ya kitambaa, kuna swichi ndogo inayokata mafuta gari likigongwa, lisije likaungua. Gari la kugongana linalojizima likigongana. Nani angelifikiria jambo hilo? Dakika moja ikapita bila gari kusogea, na kwa sheria akatolewa.

Mashindano yalipokwisha ubishi ukaanza. Mwamuzi, Lavonne Pruett, alikuwa upande wa pili na moshi ulimziba. Akawaita wote wawili kwenye uzio. Akasema ameona magari yamegusana, hajui nani kamgonga nani, na la Ardis lilikwenda polepole mno kuitwa kugonga.

"Rolf," akamwambia, "sema wewe."

Kila mtu pale alijua neno lake moja lingempa binti yake 48. Binti mwenyewe alikuwa ameegemea uzio. Rolf akavua kofia, akafuta matope usoni.

"Kanigonga," akasema. "Nilikuwa nimesimama, nachagua wa kumgonga. Kanijia kama konokono, lakini kanigonga."

"Una hakika?"

"Taa yangu ya nyuma imevunjika, Lavonne. Sikujivunjia mwenyewe."

Akaondoka bila kumtazama mtu. Ardis akamfuata, magoti na yote, akampa mkono, na sikusikia walichosema. Mimi nilikuwa nimejiandaa kumchukia Rolf majira yote ya baridi, na sasa hata hilo kanipokonya.

Namba imebaki. Gari limekwenda kusagwa, na ninashukuru. Lakini Agosti itarudi, na Ardis atataka jingine, na safari ijayo Rolf hatakuwa amesimama.

Kwa hiyo wewe unayesoma hapa ukingoja soseji yako iive, amka uende nyuma ya ghala lako. Lile gari refu la baba yako lililoota majani, usimwite Delbert. Niite mimi. Nitakuja na trekta, nitalivuta mwenyewe, na panya waliomo nitawaondoa. Ninachotaka ni liwe na nyaya nne, na liwe halinijui.